Chupa Iliyokamatwa Gede

Malindi, 9 Februari 2024

Kwako ndugu yangu Alamin,

Asalaam aleikum. Shangazi Zeina anakusalimu. Mguu wake umepona, sasa anasingizia goti asipande ngazi za kwetu. Ule mnazi uliokuwa ukiinamia ukuta umeanguka usiku wa upepo, ukavunja banda la kuku. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nisikilize.

Shemeji yako Salmin yuko rumande.

Nakuandikia kwa karatasi kama enzi za marehemu baba kwa sababu simu yangu na ya Salmin zote ziko kituo cha polisi, zimekuwa ushahidi. Yote yamo mle: wewe ukinielekeza nimtie Wafa matone mangapi chini ya ulimi, mimi nikikutumia video yake akirudi chuoni na juzuu mkononi, mwezi mzima bila kuanguka. Wakili wetu, Bi Abigael, amenikataza kukutumia neno lolote kwa simu ya mtu. Jibu kwa sanduku la posta la ofisi yake, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Ilikuwa hivi. Yule mgeni uliyempa chupa ya pili alifikia hoteli moja Kikambala. Salmin akaomba ruhusa kazini kwake, ile hoteli ya Bofa, akaifuata chupa. Akiwa kwenye matatu njiani kuja nyumbani wakasimamishwa na polisi Gede, wakapekuliwa. Askari akaitoa chupa mfukoni mwa shati lake.

Salmin hakusema uongo. "Ni dawa ya mwanangu," akamwambia. "Ana kifafa."

Askari akamwonyesha lile jani la bangi lililochorwa kwenye karatasi ya chupa. "Na hili nalo ni mwanao?"

Chupa ya kwanza uliibandua karatasi yake. Hii ya pili kwa nini uliiacha, Alamin? Ulikuwa ukiwaza nini?

Na kwa kuwa kwenye simu nilikuandikia kwamba Kache wa Gede, yule mwenzangu wa foleni ya kliniki, anaomba kidogo kwa ajili ya mwanawe, wameshika hapo. Wanasema Salmin si mgonjwa wala si mzazi wa mgonjwa, ni mlanguzi. Kwa ulanguzi mtu hufungwa mpaka watoto wake waoe.

Bi Abigael ataka hati ya kiapo kutoka kwako. Useme kuwa wewe ndiye uliyenunua, tena dukani unakofanya kazi, duka lenye leseni. Kuwa ni dawa. Kuwa ni ya mtoto mmoja na hakuna biashara. Salmin amekataa kukutaja jina. Polisi wamemuuliza kila siku nani aliyempa, na kila siku hunyamaza.

Fanya haraka.

Dadako,
Ruwaida

*

Pittsburgh, 3 Machi 2024

Dada yangu Ruwaida, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana. Mimi ni mzima. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, sasa imerudi, na njia ya kwenda kazini ni barafu tupu. Mpe shangazi pole ya goti, la kweli na la uongo.

Nimeisoma habari ya Salmin. Nilikaa chini jikoni na koti bado limo mwilini.

Umeniuliza kwa nini niliiacha karatasi. Niliiacha kwa makusudi. Chupa ya kwanza ilikuwa dhaifu, hii ya pili ina nguvu zaidi, na kama ungempa matone yale yale ungemzidishia. Karatasi ile inaeleza kila kitu: nguvu ya mafuta, shamba yalikotoka, maabara iliyoyapima, siku ya kuharibika. Hapa kwetu mafuta yasiyo na karatasi hayatoki stoo. Jimbo hili limetunga sheria zake: mgonjwa huandikiwa na daktari, hupewa kadi, akija dukani kuna mfamasia wa kuzungumza naye. Wakaguzi wa jimbo hutujia bila hodi na kupima kila kitu. Leo asubuhi nimemuuzia mafuta haya haya mama mmoja mwenye mtoto kama Wafa. Nikamtilia kwenye mfuko, akaniambia siku njema. Mlangoni palikuwa na mlinzi mwenye bastola, na kazi yake ni kutulinda sisi.

Kwa hiyo nisamehe ikiwa nilisahau karatasi ile ikivuka bahari inageuka kuwa kitu kingine.

Kuhusu hiyo hati, niache kwanza niulizie. Mambo ya huku si kama mnavyoyadhania. Nimezungumza na Bi Abigael, gharama zake niachie mimi, usijishughulishe nazo kabisa.

Wafa yuaendeleaje? Hukuniandikia hata neno moja juu yake.

Nduguyo,
Alamin

*

Malindi, 27 Machi 2024

Alamin,

Marahaba, na Ramadhani njema. Tumefika nusu ya mwezi. Kwetu hakuna futari ya maana, mtu hapiki tambi na mahamri mumewe akiwa rumande. Majirani wanaleta sahani, wanaziweka mlangoni, hawaingii. Zamani wangeingia.

Kesi ilitajwa jana. Nikuambie karatasi yako ilivyotumika, maana naona unaipenda sana.

Kiongozi wa mashtaka aliisoma mbele ya watu neno kwa neno. Nguvu. Shamba. Maabara. Akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, huyu si mtu aliyeokota msokoto wa bangi njiani. Hii ni mali ya kiwandani, imepimwa, imepewa nambari. Huu ni mtandao." Watu wakaguna. Jirani yetu mmoja, simtaji, akanigeukia na kunitazama kama aliyenikuta nikichinja mtu. Yale yote ambayo kwenu yanafanya iitwe dawa, hapa ndiyo yaliyolifanya kosa liwe kubwa.

Salmin akaulizwa ana la kusema. Akasema, "Mimi ni baba." Basi. Akaambiwa akae.

Hoteli imemwachisha kazi, kwa barua ya mistari miwili. Wewe wajua kazi yake ilikuwa nini? Ni msimamizi wa bustani. Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, yeye na vijana wake huokota vipisi vya bangi kwenye nyasi na kwenye viti vya ufukweni, na meneja akawaambia tangu siku ya kwanza, "Mgeni hakuvuta kitu, nyinyi hamkuona kitu." Miaka tisa ameokota. Hakuna mgeni aliyewahi kushushwa Gede akapekuliwa shati.

Sitaki unilipie wakili na kunifundisha sheria za jimbo lako. Nataka hati. Umesema uniache uulizie. Umeulizia nani, kwa muda wote huu? Wewe ukiuza unaambiwa siku njema, mume wangu akibeba analala sakafuni na wezi wa pikipiki. Kitu ni kimoja, Alamin!

Kesi itasikizwa mwezi wa saba. Hakimu amemnyima dhamana, kwa kuwa "mtandao" ungemtorosha.

Ruwaida

*

Pittsburgh, 2 Mei 2024

Dada Ruwaida, shikamoo.

Idi ilipita nikiwa kazini. Niliswali peke yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nimesikia mafuriko yamewafikia mpaka huko. Natumai ukuta wa nyuma umesimama. Umeninyima habari za ukuta na za Wafa pia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nimekasirika zaidi, kwanza na wewe, kisha na mimi, kisha na watu ambao siwezi hata kuwaonyesha uso wangu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikumwambia mtu.

Duka langu ni halali kwa sheria ya jimbo. Kwa sheria ya serikali kuu ya nchi hii, bangi bado ni haramu kama ilivyo Malindi. Raia wa hapa hasumbuki, yeye anaishi katikati ya sheria mbili bila kuguswa. Mimi si raia. Mimi ni mgeni mwenye ruhusa ya kukaa, na mgeni akikiri kwa mkono wake kuwa amenunua na kusafirisha bangi nje ya nchi, hiyo ruhusa wanaweza kuivuta na kumrudisha alikotoka. Jimbo linanikata kodi kwa kazi hii kila mwezi. Serikali kuu ikiniuliza nafanya kazi gani, jibu lenyewe ni kosa.

Ulinilaumu kwa kutokuja kumzika mama. Hukunisema mbele ya watu lakini nilijua. Ruwaida, niliambiwa na wakili wa hapa kwamba nikitoka, njiani kurudi wangeweza kunizuia uwanja wa ndege kwa ajili ya kazi hii. Nilikuwa na tikiti mkononi. Nikaichana.

Nimeomba uraia. Usaili wangu ni mwezi wa nane. Nikiupata, naweza kuja nyumbani, naweza kusema lolote, naweza kuapa hati kumi. Nakuomba subira mpaka hapo tu. Je, Bi Abigael hawezi kuisogeza kesi?

Na usinipigie kelele za karatasi tena. Ungekuwa na chupa isiyo na maandishi ukamzidishia mtoto, leo ungeniandikia barua mbaya kuliko hizi.

Wafa yuaendeleaje? Nimekuuliza mara mbili sasa.

Alamin

*

Malindi, 30 Mei 2024

Alamin,

Ukuta umesimama.

Nilikwenda gerezani Jumatatu kumwona Salmin. Amekonda, ndevu zimeingia mvi upande mmoja. Nikamsomea barua yako yote kupitia wavu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwache."

"Nimwache vipi?"

"Mwache, Ruwaida. Akirudishwa huku atafanya nini? Tutakuwa wawili tulioharibikiwa."

Nikamwambia, "Wewe unamlinda Alamin, na Alamin anajilinda mwenyewe. Wafa analindwa na nani?"

Askari akaita muda umekwisha.

Niliporudi nilitaka kukuandikia matusi, nikashindwa. La mama sikulijua. Mungu akulipe kwa tikiti uliyoichana.

Lakini kesi haisogezwi. Bi Abigael ameomba, wamekataa. Usaili wako ni mwezi wa nane, kesi ya mume wangu ni mwezi wa saba. Sikuzipanga mimi tarehe hizi.

Sitakuomba tena.

Ruwaida

*

Pittsburgh, 24 Juni 2024

Dada yangu, shikamoo.

Idi njema iliyopita. Natumai mlipata kipande cha nyama na mtu wa kula naye.

Ndani ya bahasha hii kuna hati ya kiapo, asili yake. Nyingine nimempelekea Bi Abigael kwa watu wa vifurushi ili ifike kwanza. Nimesema yote: jina langu, duka, leseni yake, siku niliyonunua kwa kadi yangu mwenyewe ya mgonjwa, ya maumivu ya mgongo, mgeni niliyempa, mtoto niliyemkusudia. Nimesema pia kuwa Kache hakupata hata tone na kuwa hakuna mtu aliyelipa kitu.

Wakili wangu wa huku aliisoma akavua miwani. "Unajua unachokifanya?" akaniuliza. Nikamwambia kwamba kuna mtu amekaa miezi mitano sakafuni kwa sababu hataki kutaja jina langu, basi nimeona nilitaje mimi. Akasema atanitetea lakini nisitarajie.

Sikusaini kwa sababu uliacha kuniomba, usifikirie hivyo. Wiki iliyopita mfamasia wetu alikuwa akimweleza mteja jinsi ya kusoma karatasi ya chupa, kwa upole, mstari kwa mstari, na mimi nikawa nasikia sauti ya yule kiongozi wa mashtaka akiusoma mstari huo huo. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho. Mchana ule ule nikaenda kuapa.

Sikuulizi juu ya Wafa. Nimeelewa kuwa hutaki kuniambia, na naogopa kujua kwa nini.

Alamin

*

Malindi, 11 Agosti 2024

Ndugu yangu Alamin,

Asalaam aleikum warahmatullah. Salmin yuko nyumbani. Anakusalimu sana, yupo hapa ananitazama nikiandika.

Hati yako ilisomwa. Bi Abigael alisimama nayo saa nzima, akamleta na daktari wa kliniki aliyethibitisha kuwa dawa zote za hospitali zilishindwa kumsaidia Wafa. Ulanguzi ukaondolewa. Likabaki kosa la kupatikana na bangi, na kwa hilo amepewa kifungo cha nje, mwaka mmoja. Kila wiki anakwenda kufagia uwanja wa ofisi ya chifu. Hakimu, mtu mzima, alitoa miwani akasema, "Mimi nina wajukuu. Lakini sheria iliyo mezani kwangu haina neno dawa mbele ya neno bangi."

Kisha akaamuru kielelezo kiteketezwe.

Nikasimama. Sikupanga. Nikasema, "Mheshimiwa, chupa haijafunguliwa. Mpeni mtoto." Karani akaniambia nikae. Nikasema tena. Askari wa kike akanishika bega, akaniketisha, nikasikia naye anavuta kamasi. Waliichoma pamoja na magunia ya bangi ya watu wengine. Salmin alitakiwa kushuhudia.

Sasa la Wafa.

Ilikuwa Machi, kabla sijakuandikia barua ya Ramadhani. Matone ya chupa ya kwanza yalikuwa yamekwisha. Alishikwa na kifafa baada ya adhuhuri, hakuachiwa mpaka tulipomfikisha hospitali akapigwa sindano ya pili. Alilala kwa siku mbili. Alipoamka mkono wake wa kulia ulikuwa haufungi, na maneno yamempotea. Anasema "maji". Anasema "wewe". Alikuwa na juzuu nzima kichwani, Alamin, na sasa hanijui kwa jina. Tangu hapo huanguka karibu kila siku.

Najua utauliza kwa nini nilikuficha. Nilitaka usaini kwa kuwa ni haki, si kwa kuwa umelia. Ningekuambia Machi, ungesaini Machi, na maisha yangu yote ningejua nilikununua kwa ugonjwa wa mwanangu. Pengine nilikosea. Salmin anasema nilikosea. Hasira zilikuwa zimenijaa, sikuwa na nafasi ya kufikiri vingine.

Usaili wako ulikuwa wiki hii. Niandikie.

Ruwaida

*

Pittsburgh, 6 Septemba 2024

Dada,

Nimekataliwa uraia. Afisa alikuwa mwanamke mpole, alinipa na maji. Aliniuliza, "Bado unafanya kazi duka lile?" Nikasema ndiyo. "Umewahi kupeleka bangi nje ya jimbo?" Nikasema ndiyo. Akaandika. Bado wanaamua kama nitabaki au nitaondolewa. Huenda ikachukua miaka. Duka nalo limenisimamisha kwa kuvunja kanuni, na hapo siwezi kuwalaumu, niliivunja.

Barua yako ya Wafa niliisoma barabarani. Sikuweza kungoja kufika ndani. Nilipiga kelele mpaka mtu akafungua dirisha akaniuliza kama aniitie polisi. Nimekasirika nawe kwa kunificha, na sitakudanganya kuwa imepita. Ungeniachia nilie.

Uliwahi kuniuliza zamani ruhusa ya dawa hii hapa ilianzaje. Sikukujibu kwa kuwa sikujua. Sasa nina nafasi, nimeuliza. Hawakuanza wanasiasa. Walikuwa kinamama wenye watoto wa kifafa, wakaenda kukaa kwenye korido za bunge la jimbo na watoto wao kwenye viti vya magurudumu, mwaka baada ya mwaka, mpaka wale waheshimiwa wakachoka kuwaruka.

Nakupa jinsi nilivyoambiwa.

Alamin

*

Malindi, 20 Oktoba 2024

Ndugu yangu Alamin,

Asalaam aleikum. Kasirika, ni haki yako. Shangazi Zeina amepanda ngazi hatimaye, ametuletea kaimati. Salmin amepata vibarua vya bustani kwa mzee mmoja huku Malindi.

Jumatano tulikwenda Kilifi. Kulikuwa na kikao cha wananchi, wawakilishi wa kaunti wanasikiza maoni ya mpango wa afya. Nilikwenda na Wafa, na Kache na mwanawe. Salmin hakutaka. Alisema kaunti haitungi sheria ya bangi, ni Nairobi. Nikamwambia najua.

Tulikaa tangu asubuhi. Wenye vyeo wakazungumza, wakanywa maji ya chupa. Zamu yangu ilipofika mwenyekiti akanikatiza kabla sijamaliza sentensi. "Mama, hilo la bangi si letu. Peleka Nairobi."

Nikasema, "Nairobi wanasema afya ni ya kaunti."

Watu wakacheka. Akasema, "Sheria ya mihadarati si afya. Anayefuata!"

Kache akasimama. Yule mwanamke hajawahi kusema mbele ya watu hata harusini. Akasema, "Anayefuata ni mimi, na mimi nampa yeye nafasi yangu."

Wakaanza kubishana na karani iwapo inaruhusiwa. Hapo ndipo Wafa aliposhikwa. Kiti kikaanguka. Nikamlaza ubavu pale pale sakafuni, kati ya meza zao, nikatia mtandio wangu chini ya kichwa chake. Mwenyekiti akasema kwa sauti, "Mtoeni mtoto nje, jamani, mtoeni nje apate hewa!" Vijana wawili wakaja.

Nikawaambia, "Hatoki. Mkimgusa mtanigusa mimi."

"Mama, watu wanatishika."

"Watishike. Mimi hutishika kila siku. Mtamtazama mpaka amalize."

Hakuna aliyekuja tena. Hakuna aliyetoka. Walisimama wote, wengine na mikono midomoni, na ilichukua muda, Alamin, wewe hujaiona, ilichukua muda mrefu sana. Salmin amenilaumu kwamba nilimfanya mwanetu tamasha. Huenda ni kweli, nami nitamjibu Mungu kwa hilo. Lakini sikumtikisa wala kumfunika. Nilimshika mkono ule usiofunga, nikangoja, nikisikia visigino vyake vikigonga saruji.

Alipotulia, akafumba macho, mwenyekiti akakaa polepole. Akatafuta kalamu yake.

"Haya, mama," akasema. "Sema."

Nikasema.

Dadako,
Ruwaida